Shajara ya Mradi: Kuchora Magharibi ya Kinamasi kwa Mtindo wa Kitonalisti

Septemba 7: Mpango na vifaa

Nimeanza picha moja ya rangi za mafuta, sentimita 40 kwa 60. Ni kinamasi cha matete kaskazini mwa New Jersey, jua limeshazama na giza bado halijashika. Nataka kuichora kama walivyochora Watonalisti wa Marekani, waliofanya kazi zao takriban kati ya 1880 na 1915. Naandika kila hatua inapokamilika ili anayetaka kujaribu naye ajue pesa inakwenda wapi na kazi inakwamia wapi.

Kwa wasiowafahamu, hawa walikuwa wachoraji wa mandhari walioachana na picha kubwa za milima na maporomoko ya maji ambamo kila jani lilichorwa. Walichagua shamba la kawaida, ukingo wa mto au miti michache, wakapenda alfajiri, magharibi na usiku wa mbalamwezi, na wakaacha rangi moja itawale picha nzima. Ninayemfuata zaidi ni George Inness, aliyehamia Montclair, hapa New Jersey, mwaka 1885 na kuchora huko picha zake nzuri kuliko zote. Kwa James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeishi London, nachukua nidhamu ya kuandaa rangi kabla ya kugusa turubai.

Ninachotaka kukithibitisha kwa mikono yangu ni hiki: ule utulivu wenye huzuni kidogo unaomshika mtu mbele ya picha zao hauletwi na ukungu wala na rangi ya kahawia. Unaletwa na toni kukaribiana. Ninaposema toni nina maana ya uzito wa rangi kwenye ngazi ya kutoka nyeusi hadi nyeupe, bila kujali ni rangi gani. Buluu na kahawia zinaweza kuwa na toni moja kabisa. Ukitaka kuhakikisha, zipige picha kwa simu kisha uondoe rangi: zitaonekana kijivu kilekile.

Rangi nilizonunua ni sita tu: nyeupe ya titani, oka ya njano, siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu), amba mbichi (kahawia yenye ukijani), altramarini (buluu nzito) na nyeusi ya pembe. Zimenigharimu dola 62. Turubai ya pamba dola 18, mbao ndogo za majaribio 12, mafuta ya kitani 9, tapentaini isiyo na harufu kali 14, brashi mbili pana 17, msasa na vitambaa 6. Jumla 138. Mafuta ya kitani yawe yale ya wachoraji. Yale ya mafundi seremala, yaliyotiwa dawa ya kuharakisha kukauka, huwa manjano upesi na kuipa picha sura ya uchafu.

Septemba 15: Kumtazama Inness kwa karibu

Nilikwenda Makumbusho ya Sanaa ya Montclair, ambako kuna chumba maalumu cha picha za Inness. Nilisimama karibu kadiri mlinzi alivyoniruhusu, na kwa muda mrefu sikutazama miti wala anga. Nilitazama pembeni, pale ambapo rangi ni nyembamba.

Katika picha za miaka yake ya mwisho, chini ya kijani kuna wekundu wa udongo. Haukufunikwa wote. Unachungulia katikati ya majani, kwenye mstari ambapo ardhi inakutana na miti, hata ndani ya anga. Wekundu huo ndio unaoipa kijani uhai, kwa sababu jicho linaona rangi mbili zinazopingana kwa pamoja na halitulii kwenye yoyote. Kuna sehemu amefuta kwa kitambaa, kuna sehemu amekwaruza kwa mpini wa brashi mpaka msingi ukaonekana. Mashina ya miti yake hayana mipaka ya wazi upande mmoja, lakini upande wa pili utakuta mstari mfupi mkali, labda wa urefu wa kidole, unaolishika shina lote lisipotee.

Inness alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Swedenborg, mwanateolojia wa Uswidi, aliyoyapata miaka ya 1860 alipoishi Eagleswood, karibu na Perth Amboy. Aliamini kwamba ulimwengu wa roho na huu tunaouona haviko mbalimbali. Katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1878 alieleza kuwa kazi ya sanaa ni kuamsha hisia, si kufundisha wala kuadilisha. Sidhani mtu anahitaji kushika imani yake ili achore kama yeye, ila ukijua hilo unaelewa kwa nini hakutaka kingo kali: kwake hakuna kitu kilichokatika kabisa na kingine.

Septemba 22: Kuchora kwa kumbukumbu

Whistler alizichora picha zake za usiku za mto Thames miaka ya 1870, na hakuzichorea mtoni. Waendesha mashua wawili, ndugu wa familia ya Greaves, walimpakia wakamzungusha gizani. Alikuwa akitazama, kisha akiupa mto mgongo na kumtajia mwenzake kila alichokiona, mpaka apate yote. Rangi aliziweka kesho yake nyumbani.

Kwanza nilijaribu kuchorea palepale kinamasini. Haikufaa. Mwanga wa magharibi hubadilika kwa dakika, nikawa nafukuza kila badiliko, na kila ubao ukatoka na anga ya saa moja na maji ya saa nyingine. Hapo nikafuata njia ya Whistler. Nilikwenda na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na sita. Nikatazama, nikageuka, nikaanza kumtajia: anga nyepesi, maji yamezidiwa kidogo na anga, matete ndiyo meusi kuliko vyote, miti ya ng'ambo nayo meusi.

"Hapana, mjomba," akasema. "Ile miti siyo meusi. Imekaa kibuluu-buluu, karibu ipotelee angani. Ni matete tu ndiyo meusi."

Alikuwa na haki, na picha nzima imejengwa juu ya sahihisho lake. Kwa anayefuata shajara hii: nenda na mtu asiyechora. Mchoraji hutaja anachojua, na anajua kuwa miti ya jioni ni meusi. Asiyechora hutaja anachokiona.

Utunzi nimeuweka wa kulala, kwa kumwangalia Dwight William Tryon, aliyefundisha chuo cha Smith College na ambaye picha zake nyingi zilinunuliwa na Charles Lang Freer, tajiri mkusanyaji wa sanaa. Tryon hupenda safu moja nyembamba ya miti inayovuka picha upande hadi upande, anga juu na shamba chini. Kwangu shamba limekuwa maji na matete, na kuna mwanga mmoja mdogo upande wa kushoto. Basi.

Septemba 29: Rangi ya msingi

Turubai nimeipaka siena ya kuchomwa iliyoongezwa amba kidogo na tapentaini nyingi, nikaifuta kwa kitambaa. Mara ya kwanza ilitoka nzito mno, kama rangi ya matofali. Nikaiacha ikauke, nikaona kila rangi niliyoijaribu juu yake inazama. Isitoshe, rangi za mafuta huzidi kupenyeza mwanga kadiri miaka inavyopita, hivyo msingi mzito wa leo utaitia giza picha baada ya miaka hamsini. Nikaupitia msasa laini uliolowanishwa, huku nimevaa barakoa, hadi ukawa karibu na rangi ya chai ya maziwa. Kama unaanza, anza hapo moja kwa moja.

Oktoba 6: Tabaka la kwanza, na tope

Hapa ndipo nilipopoteza wakati na rangi nyingi.

Nilidhani rangi moja itawale ina maana ya kutia kahawia kidogo ndani ya kila kitu. Nikatia amba kwenye anga, amba kwenye maji, amba na nyeusi kwenye matete. Baada ya saa moja nilikuwa na tope. Toni zilikuwa sawa, nilizipima kwa simu, lakini picha haikuwa na pumzi. Hakuna mahali palipokuwa na joto wala baridi.

Kahawia ndio mtego wa mtindo huu, na umewanasa wakubwa pia. Henry Ward Ranger, aliyefika Old Lyme, Connecticut, mwaka 1899 na kukusanya wachoraji kwenye nyumba ya wageni ya Florence Griswold, aliupenda ukahawia wa dhahabu wa picha za zamani za Ulaya. Childe Hassam alipofika huko mwaka 1903 na rangi zake za Kiimpreshonisti, yaani angavu na za miguso mifupi ya brashi, kundi kubwa likahamia kwenye mwanga wa mchana. Nikitazama tope langu naelewa kwa nini wengine walikuwa tayari kuhama.

Dawa niliyoipata ni hii. Nilikwangua yote kwa kisu nikafuta kwa tapentaini. Kisha nikatengeneza kijivu kwa altramarini na siena ya kuchomwa, bila nyeusi. Rangi hizi mbili, moja baridi na moja ya moto, zikikutana huzimana, lakini hazizimani kabisa: ukizidisha moja kidogo tu, kijivu kinaelemea upande wake. Kutoka kwenye kijivu hicho nikaandaa mafungu matano kabla sijashika brashi tena. Anga ikapata kijivu chenye oka, maji kijivu chenye buluu, miti ya mbali kijivu cha buluu zaidi, ukingo wa matope kijivu chenye siena, na matete kijivu kizito kilichotiwa nyeusi ya pembe kidogo. Kila fungu lina damu ya jirani yake, na bado kila moja lina hali yake.

La pili, nilijifunga kwenye ngazi ya toni. Nikiihesabu nyeusi kuwa 1 na nyeupe 10, picha yote inakaa kati ya 3 na 7, isipokuwa ule mwanga mmoja. Anga ni 7, maji 6, miti ya mbali 5, matete 3. Miti ya mbali na maji zimepishana hatua moja tu, na hapo ndipo jioni ilipoingia. Sikuwa nimechora ukungu wowote, lakini ukungu ulionekana.

Gharama mpya: nyeupe ya titani nyingine, dola 13.

Oktoba 20: Matabaka membamba

Njia ya Inness ni kupitisha juu ya rangi iliyokauka tabaka jembamba la rangi inayopenyeza mwanga, iliyotiwa mafuta, kisha kulifuta kwa sehemu. Mwanga hupita kwenye tabaka, hugonga rangi ya chini na kurudi. Kina cha namna hiyo hakipatikani kwa kuchanganya rangi kwenye kibao cha kuchanganyia.

Nilingoja wiki mbili nikadhani panatosha. Anga ilikuwa imekauka, kwa sababu ni nyembamba. Matete hayakuwa yamekauka, kwa kuwa nyeusi ya pembe, ambayo leo hutengenezwa kwa mifupa iliyochomwa, huchukua muda mrefu. Nilipopitisha kitambaa, matete yakaanza kutoka nayo. Kwenye maji tatizo likawa jingine: mafuta yalizidi, tabaka likajikunyata na kuwa matone matone.

Niliyafuta yote mara moja, kabla hayajashika. Matete nikayaacha wiki nne zaidi. Maji nikayapitia msasa laini sana, kwa mkono mwepesi, ili uso uliong'aa upate mahali pa kushikia. Tabaka jipya likawa na mafuta kidogo mno, nikalisugua kwa kitambaa cha pamba badala ya kulipaka kwa brashi. Likatulia.

Angalizo ambalo sitaki mtu alipite: vitambaa vyenye mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe. Mafuta haya hukauka kwa kufyonza oksijeni, na kitendo hicho hutoa joto. Ukivifinyanga na kuvitupa kwenye pipa, joto halina pa kutokea. Mimi navilowesha kwenye kopo la chuma lenye maji na kufunika. Ukiishi kwenye nyumba yenye wapangaji wengine, hili ni la wote.

Novemba 24: Kingo

Matete yamekauka, tabaka limekaa vizuri. Nikageukia kingo, na nikazilainisha zote kwa brashi kavu, huku na huku. Matokeo yake picha ikawa kama imepigwa na kamera iliyotikisika. Jicho likawa linatafuta pa kushika, linakosa, linachoka.

Nikamkumbuka Inness na ule mstari wa urefu wa kidole. Nikairudisha kingo kali sehemu tatu tu: mahali tete moja linapokata maji yenye mwanga, ncha ya ukingo wa matope, na upande mmoja wa mti mkubwa wa ng'ambo. Tete lenyewe sikulichora. Nilipaka rangi nzito, nikangoja ishike kidogo, nikalikwaruza kwa mpini wa brashi hadi ule msingi wa rangi ya chai ukaonekana. Mstari ulitoka mwembamba, umepinda kidogo juu, wenye wekundu kwa ndani, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika picha hii. Kwingine kote nimeacha kingo zipotee. Kwa kuwa zile tatu zipo, upotevu wa nyingine sasa unaonekana kuwa wa makusudi.

Desemba 8: Mwanga mmoja

Ule mwanga wa kushoto, mabaki ya jua kwenye maji, niliuweka kwa nyeupe tupu. Ukaivunja picha. Nyeupe ya titani ni kali na ya baridi, na wachoraji hawa hawakuwa nayo; iliingia kwenye vibao vya wachoraji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wao walitumia nyeupe ya risasi, yenye joto na inayokubali kufunikwa. Risasi ni sumu na sitaitumia chumbani ninamolala. Badala yake nimeichanganya titani na oka na tone la siena, hadi ikashuka kutoka 10 mpaka 8. Kisha nikaupunguza mwanga wenyewe hadi ukawa mdogo kuliko ukucha. Kila nilivyoushusha ndivyo ulivyozidi kuangaza, kwa sababu jirani yake aliye mwepesi kuliko wote hazidi 6.

Ralph Blakelock alilijua hili. Mbalamwezi zake ni nyeupe kidogo tu ndani ya giza la kijani na kahawia. Moja iliuzwa dola 20,000 mwaka 1916, naye mwenyewe wakati huo alikuwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kila nikiuangalia mwanga wake nakumbuka hilo, na sioni njia ya kulikumbuka bila uchungu.

Januari 11: Nyufa kwenye ubao wa majaribio

Picha kubwa iko salama. Lakini mmoja wa mbao ndogo, ule niliopaka nyeusi nene yenye mafuta mengi na juu yake amba nyembamba, umepasuka. Nyufa ni nyembamba kama unywele, zimesambaa kwenye matete peke yake.

Sababu ni wazi. Amba ina madini ya manganizi, nayo huharakisha kukauka. Tabaka la juu lilikauka na kukakamaa, la chini likaendelea kujongea. Albert Pinkham Ryder alifanya hivyo kwa miaka, akirudia picha moja tena na tena, akiweka rangi juu ya rangi mbichi na kuongeza vitu visivyopatana. Leo nyingi kati ya picha zake zimepasuka na kuwa nyeusi kuliko alivyoziacha.

Kanuni ya kufuata: tabaka la chini liwe na mafuta machache na likauke upesi, la juu liwe na mafuta zaidi na likauke polepole. Amba iwe chini, nyeusi ya pembe ije juu. Ubao huo nimeuhifadhi ukutani, juu ya meza ya kazi.

Februari 8: Madoa yasiyong'aa, na hesabu

Baridi imechelewesha ukaukaji, kwa sababu hewa ya chumba changu cha chini ni ya ubaridi. Nimeihamishia picha sebuleni, mbali na kipasha joto, sehemu yenye mwanga. Mafuta ya kitani yakikaushiwa gizani huelekea kuwa manjano, na mwanga wa mchana hupunguza umanjano huo.

Ilipokauka, anga ilikuwa inang'aa lakini ukingo wa matope umefifia, kana kwamba umeinyonya rangi. Kwa kweli umenyonya mafuta, kwani tabaka la chini lilikuwa kavu mno. Watu wengi wakiona hivyo huongeza rangi, na wanaharibu toni walizozipanga. Nimepaka mafuta ya kitani kiasi cha kulowesha tu, nikafuta mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Toni zikarudi palepale zilipokuwa Oktoba.

Jumla ya gharama ni dola 151, na rangi zilizobaki zinatosha picha nyingine mbili za ukubwa huu. Anayetaka kupunguza aache amba kabisa. Kijivu cha altramarini na siena kimefanya karibu kazi yake yote. Asipunguze kwenye turubai wala kwenye nyeupe.

Vanishi nitaipaka Agosti, miezi sita kamili baada ya tabaka hili la mwisho. Wakati huohuo naandaa ubao wa pili wa kinamasi kilekile, alfajiri, anga ikiwa na ukijani uliopauka. Mpwa wangu amekubali kuamka.